Mkono wa Fundi wa Betri

Kabla umeme haujafika vijijini Meru na Embu, betri za gari zilipelekwa mjini kuchajiwa, nyingine zimefungwa nyuma ya baiskeli, ili nyumba ipate redio au televisheni kwa siku chache. Mwaka 1984 paneli za jua zilifungwa katika Shule ya Sekondari ya Karamugi, katika wilaya ya Meru ya wakati huo, nazo zilihitaji betri ya kuweka umeme. Betri ya risasi na asidi ya salfa, aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ndiyo iliyobeba kazi hiyo yote.

Ajabu yake ni kwamba inadumu. Kila moja ya seli zake sita ina volti 2, ilhali kwa hesabu ya kemia volti 1.23 zatosha kuyavunja maji yakawa haidrojeni na oksijeni. Asidi imejaa ioni za haidrojeni zinazongoja elektroni tu. Platini ingezidaka mara moja, ikaziunganisha mbili mbili na kuziachia zikiwa gesi. Risasi hushindwa kuzishika. Juu yake kazi hiyo huenda polepole takriban mara bilioni. Uvivu huo wa risasi ndio unaolinda chaji usiku kucha.

Ukali wa asidi nao una uzito wake. Kwenye maji ya alkali haidrojeni lazima ing’olewe kwanza kutoka kwa molekuli ya maji, na hata platini hupunguza kasi karibu mara mia. Asidi imekwisha kuileta mlangoni. Ndiyo maana sehemu za joto, ambako kazi hiyo huenda haraka zaidi, asidi huchanganywa ikiwa nyepesi kidogo, betri isijimalize yenyewe.

Fundi hodari huujua ukali huo kwa haidromita, inayopima uzito wa asidi ukilinganishwa na wa maji. Huminya mpira, asidi hupanda kwenye bomba la kioo, na chelezo huelea: 1.26 au zaidi, seli imejaa, 1.12, salfa imehamia kwenye sahani za risasi na seli imekwisha. Hupima zote sita, maana moja ikibaki nyuma huzivuta nyingine.

Maji ya kuongeza ndiyo yanayomtofautisha fundi na mbabaishaji. Udongo mwekundu wa Meru na Embu una chuma kingi, na maji ya mto au ya bati lenye kutu hukibeba. Chuma hicho huenda na kurudi kati ya sahani kikimwaga chaji bila kazi yoyote. Maji yaliyokenekwa pekee ndiyo yanayofaa.

Wakati wa kuchaji, seli ikifika karibu volti 2.4, salfa ya kurudisha huwa imebaki kidogo, na umeme huanza kuvunja maji. Mafundi husema betri “inachemka”. Povu jembamba, lenye mlio mmoja katika matundu yote sita, ni ishara njema. Tundu lililo kimya lina ugonjwa. Haidrojeni ikifika asilimia 4 hewani hushika moto kwa cheche moja, hivyo dirisha huachwa wazi, na chaja huzimwa kabla ya kibanio kuguswa.

Povu likitulia, fundi hupima tena, huongeza maji hadi sahani zifunikwe, kisha hufunga vifuniko. Mwisho hupitisha kitambaa chenye magadi juu ya betri; panapotoa mapovu pana asidi bado, naye hufuta hadi pawe kimya.