Wimbo Mmoja, Mara 105

Mwaka juzi niliitwa kuchora jukwaani wakati bendi ikipiga. Kanvasi yangu iliwekwa pembeni, karibu na spika, na maelekezo yalikuwa mafupi: picha iishe bendi inapomaliza. Nikachora uso wa mwanamke, maana huo naweza kuuchora hata nikiwa nimefumba macho. Watu walishangilia, wakatoa simu. Mimi nilirudi nyumbani na aibu nisiyojua niiite nini. Muziki ungeendelea vilevile kama nisingekuwepo, na picha ile ningeweza kuichora sebuleni nikisikiliza redio.

Nilianza kuielewa aibu hiyo nilipokutana na *A Lot of Sorrow*. Mei 2013, Ragnar Kjartansson, msanii wa Aisilandi, aliwaomba The National, bendi ya Marekani, wapige wimbo wao "Sorrow" kwa saa sita mfululizo pale MoMA PS1, New York. Wimbo wenyewe ni wa kama dakika tatu na nusu. Waliupiga mara 105.

Kjartansson hakushika brashi. Alitoa sharti moja, kisha akawa anawapelekea wanamuziki chakula na vinywaji. Lakini sharti lile ni la mchongaji. Wimbo kwa kawaida hupita; huu umegoma kupita, umekaa kama jiwe, nawe unauzunguka. Mwanzoni unasikia maneno. Baadaye maneno yanachuja, unabaki kutazama mabega ya mpiga dramu, jasho, namna mtu anavyoshika maikrofoni akiwa hana tena cha kuigiza. Karibu na mwisho mwimbaji, Matt Berninger, anazidiwa, sauti inakatika, na watazamaji wanamwimbia. Hapo picha na muziki havitenganishiki: ukiondoa kimoja hakuna kazi.

Nina ugomvi nayo, hata hivyo. (Filamu yake nimeitazama kwa vipande, saa zote sita sijazimaliza, na nashuku wengi wanaoisifu tuko kundi moja.) Bibi zetu wamerudia kiitikio kimoja mpaka alfajiri kwenye ngoma za harusi, na hakuna aliyewaita wachongaji. Tofauti ni kwamba kwenye ngoma unachoka pamoja nao, duara lina nafasi yako. Pale New York watu walisimama saa nyingi wakitazama wenzao wakichoka, na hilo linanikera. Ndiyo maana dakika ninayoiamini kuliko zote ni ile ambayo watazamaji wanaupokea wimbo. Kwa muda mfupi maonyesho yanakuwa ngoma, na nadhani Kjartansson hakuipanga.

Mwezi uliopita bendi nyingine ilinipigia simu, wakitaka nichore kwenye onyesho lao. Niliwauliza kama wataniruhusu kuchagua wimbo mmoja ambao hawatauacha mpaka niweke brashi chini. Walisema watanipigia.