Jedwali la "actor" na "actress" linatupotosha

Mnalikumbuka lile jedwali la darasani? Kushoto wanaume, kulia wanawake: actor, actress, poet, poetess, widower, widow. Tuliliimba kama kasuku. Ugomvi wangu nalo ni huu: linapanga majozi bila kueleza kitu, na pale penye ugumu wenyewe, yaani wingi na umilikishi, linanyamaza.

Chukua "woman". Wingi wake ni "women". Kwenye karatasi irabu iliyobadilika ni ya pili, a imekuwa e. Sasa sikiliza: umoja hutamkwa karibu na "wuman", wingi "wimin". Jicho linaona tofauti mwishoni, sikio linaisikia mwanzoni! Aliyelelewa na jedwali anasoma "womeni", kisha anachekwa. Neno lenyewe limetokana na "wifmann" ya Kiingereza cha kale: "wif" ni mwanamke, na "mann" ni mtu, yeyote yule. Ndiyo maana linafuata wingi wa "man", bila s.

Hiyo s ndiyo inayoamua umilikishi. Tunga wingi kwanza. Ukiishia na s, weka ritifaa peke yake: "actresses'". Usipoishia na s, weka ritifaa kisha s: "women's". "Womens'" haipo, hata kama umeiona kwenye kibao cha saluni. Na usitegemee sikio, maana "actress's", "actresses" na "actresses'" hutamkwa sawasawa. Karatasi tu ndiyo inayozitenganisha.

Jedwali pia linatuzoesha kuamini kwamba shina ni la mwanamume siku zote. Si kweli. "Widower" imeundwa kutokana na "widow", na "bridegroom" imejengwa juu ya "bride". "Seamstress" ndiyo kichekesho: zamani -ster ilikuwa tayari alama ya kike, watu wakaisahau, wakabandika -ess juu yake. Jike mara mbili, jamani.

Halafu kuna "poetess" na "authoress". Zimechakaa, na washairi wengi wa kike wanaziona kama dharau. Wanataka kuitwa "poet", basi. Sisi tunaosema mshairi, mwalimu na daktari bila kuuliza jinsia tungelielewa hilo bila kufundishwa. Lakini mwanafunzi akijaza "poet" kwenye pengo la kulia, anapigwa mkasi. Mimi ningempa vema.