Pabovu pa Makusudi

Mzee hakugusa spana wala taa ya kupimia. Alifungua boneti ya Hilux yangu ya mwaka 1984, akaufuata kwa kidole waya unaotoka chanya ya betri, akafika mahali palipozungushiwa utepe mweusi, akaguna.

"Nani kakufungia hii dairekti, mwanangu?"

Nikamsimulia. Miezi kadhaa nyuma betri ilinilalia njiani usiku, na msamaria mmoja akaniazima umeme wa gari lake. Kwa haraka na giza, waya tukazipachika kinyume, chanya kwa hasi. Cheche moja, kisha kimya; hata honi haikulia. Asubuhi gereji ya jirani ikaunga kipande cha waya wa nyumbani, gari likawaka, nami nikalipa na kushukuru. Kumbe usiku ule umeme uliogeuzwa ulikuta diodi za alteneta zimeufungulia njia, ukapita kwa kishindo, na kipande kifupi cha waya kando ya betri, kiitwacho waya wa fyuzi, kikaungua ili vingine vyote vipone. Nilikuwa nimelipia kuwekewa mahali pake kitu kisichoungua.

Deni lilidaiwa baadaye. Waya mkuu unaoingia kwenye kisanduku cha fyuzi ulichubuka pale unapopenya bati la injini, shaba ikagusa bodi. Fyuzi ndogo za kisanduku zilikaa nzima kabisa, wala hazina lawama: shoti ilikuwa nyuma yao, upande wa betri. Moshi ulipotoka chini ya dashibodi nilikuwa na bahati kwamba spana namba 10 ilikuwa mfukoni na teminali haikukazwa sana.

Kamba hukatikia pabovu, walisema wahenga, wakizungumzia jambo linalomkuta mtu bila kutarajia. Fundi wa umeme wa magari hapangiwi hivyo. Yeye huchagua mwenyewe pabovu pawe wapi, tena huchagua kwa kipimo. Waya mkuu ukiwa na milimita za mraba 5, waya wa fyuzi unaoulinda huwa na kama 2. Ukiwa mnene mno, waya mkuu unaweza kuungua kwanza. Ukiwa mwembamba mno, utakufa siku utakapowasha taa zote na feni kwa pamoja, bila kosa la mtu. Na usiwe mrefu: kisichozidi shubiri moja kinatosha.

Uzuri wake mwingine ni subira. Fyuzi ya kioo hukatika kufumba na kufumbua, lakini waya huu huvumilia mzigo wa ghafla unaopita, hukata tu mzigo unaong'ang'ania. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,085 hivi, na ganda la waya wa nyumbani huwa limeshayeyuka na kuwaka kabla shaba haijafika huko. Ganda la waya wa fyuzi limeundwa lisishike moto. Hufura, hutoka malengelenge, lakini hubaki limeifunika maiti ndani. Ndiyo maana Mzee huupima kwa vidole: huuvuta taratibu, na ukirefuka kama mpira, anajua ndani hamna kitu.

Nilidhani ataweka mpya na kuniaga. Alichomoa hasi ya betri, akatumia saa nzima akitafuta palipochubuka, kwa sababu, alivyosema, kuweka waya mpya juu ya shoti ya zamani ni kumtuma mtoto vitani. Alipopapata alikata sehemu iliyoungua, akaunga, akavalisha tundu la bati mpira mwingine badala ya ule ambao naamini ulidondoka kabla sijazaliwa. Ndipo akarudi kwenye betri. Aliumenya waya, akausokota na mwenzake, akaubana kwa koleo, kisha akaweka chuma cha kulehemu chini ya kiungo na risasi juu yake. Hakuyeyusha risasi kwa chuma. Alisubiri shaba yenyewe ipate moto, na ilipopata, risasi ikanywewa ndani ya nyuzi bila kutonesha hata tone. Nimewaona wengi wakilehemu, wengi hupaka.

Kipande chenyewe alikitoa kwenye kopo la maziwa, kimoja kati ya vichache alivyovitunza kutoka magari yaliyochinjwa kwa spea, kila kimoja amekipima kwa macho na kwa jino la koleo. Vijana wake walimcheka kidogo: mzee anahifadhi nyaya!

Kama gari lako ni la umri wa langu, kesho kabla hujaliwasha fuata waya unaotoka chanya ya betri. Vuta kidogo. Ukikuta utepe mweusi, usiondoke na gari hilo kabla hujajua chini yake mna nini.