Shaba ya bure kwenye Place du Trône

Kila mara mutu wetu mumoja anapata visa ya Bulaya, kitu cha kwanza anatutumia ni foto. Grand-Place, kasanamu ka kamutoto kanakojoa, Atomium. Mimi pia nilifanya vile. Nilikuwa Bruxelles wiki tatu kwa ajili ya mafunzo, na Jumamosi ya kwanza nikajiunga na kikundi cha watalii wanaotembezwa bure na muongozaji mwenye mwavuli wa rangi ya machungwa. Foto mulishaziona mu grupu, na wengine wenu mulinichekelea juu ya kofia.

Leo sitaongeza foto ingine. Nataka kupima yale matembezi namna tunavyopima kitabu ao filamu: nani anasimulia, anaanzia wapi, anaruka nini. Maana matembezi ya vile ni hadithi iliyotungwa, hata kama haikuandikwa. Mutu anaisimulia mara mbili kwa siku, anajua mahali pa kuchekesha na mahali pa kunyamaza. Na kwa watu wengi wanaopita pale, hiyo njo historia ya Ubelgiji watakayorudi nayo kwao.

Nianze na haki yake. Yule kijana anajua kazi. Tulikuwa watu karibu makumi tatu: Wahispania, Wabrazili, wanafunzi wa Uholanzi, mama mumoja wa Kanada, na mimi Mwafrika peke yangu. Pale Grand-Place alitusimamisha katikati, akatuambia tuzunguke polepole, tuangalie zile nyumba zenye dhahabu juu. Kiisha akatuambia kwamba karibu yote tunayoyaona yamejengwa nyuma ya 1695. Mwaka ule, mu mwezi wa nane, mizinga ya Louis XIV wa Ufaransa ilipiga muji tangu tarehe 13 mpaka 15. Mnara wa Hôtel de Ville, wenye meta 96, njo walikuwa wanaulengea, na njo ule ulibakia umesimama. Vyama vya mafundi, wale wa mikate, wa pombe, wa mashua, wakajenga upya nyumba zao kwa miaka michache tu. Alieleza vizuri sana. Unasikia moshi. Mama wa Kanada alifuta macho. Na muongozaji akamaliza na neno moja nililolishika: watu wa Bruxelles walijenga upya, lakini mpaka leo hawajasahau nani aliwachoma.

Mulishike na ninyi lile neno, tutalirudilia.

Kutoka pale ni mutelemko. Kwenye Manneken Pis tulikaa dakika makumi mbili. Ni kitu cha shaba nyeusi, kafupi kuliko mutoto wa miaka miwili, kazi ya Jérôme Duquesnoy ya 1619, na kale ka njiani ni kopi, kenyewe ka zamani kako mu museum. Kako na nguo zaidi ya elfu moja, ambazo watu wa inchi mbalimbali wanakaletea. Dakika makumi mbili kwa kamutoto kanakojoa! Sikatai, tulicheka. Kiisha Galeries Royales Saint-Hubert za 1847, mahali ambapo Jean Neuhaus alitengeneza praline ya kwanza mu 1912. Tukaonja. Mwanafunzi mumoja akauliza kakao inatoka wapi, muongozaji akajibu «Afrika», sawa vile mutu anasema «mbali kule». Ndugu zetu wa Beni na Mambasa, wenye kulima kakao kwa mikono yao na katikati ya vita, wako ndani ya lile neno moja. Tulipita.

Halafu tukapanda juu kwenye jumba la mfalme, na nyuma kidogo, kwenye Place du Trône, tukafika mbele ya Leopold II juu ya farasi.

Hapa njo nilikuwa nangojea. Nilijiambia: mutu aliyeweza kutuliza na mizinga ya 1695, hapa atatuvunja moyo. Alisema hivi, karibu neno kwa neno: huyu ni mfalme mujenzi, alijenga barabara kubwa, bustani za Laeken, tao la Cinquantenaire. Mbrazili mumoja akauliza: na Kongo? Akajibu kwamba ni kitu kigumu, siku hizi kuna mabishano mengi, na sanamu ilimwagiwa rangi nyekundu mu 2020. Kiisha akageuza mwavuli wake, akasema kwamba pale pembeni kuna mahali pazuri pa kupigia foto.

Sikufuata mwavuli. Nilizunguka jiwe la chini la ile sanamu. Ni kazi ya Thomas Vinçotte, ilizinduliwa mu 1926. Kwenye jiwe kuna maandishi ambayo kila mutu wa Lubumbashi, wa Likasi, wa Kolwezi angepaswa kuyasoma walau mara moja mu maisha yake. Yanasema kwamba shaba na bati za sanamu hii zilitoka Kongo ya Wabelgiji, na kwamba Union Minière du Haut-Katanga ilizitoa bure, kwa wema. Kwa Kifaransa: gracieusement.

Nilisimama pale muda mrefu. Sisi tunaamuka kila asubui tukiangalia ile cheminée na ule mulima mweusi wa takataka za shaba. Tumezoea kujiuliza shaba inakwenda wapi, na tumezoea kujibu kwamba inakwenda Bulaya, inakwenda China. Kumbe ingine iko pale pale, imekaa juu ya farasi, na ndevu. Mutu huyo hakukanyaga Kongo hata siku moja mu maisha yake, lakini udongo wetu njo umemfanyia mwili.

Sasa tulipime lile neno «bure». Ili kutoa kitu bure, lazima kwanza kikuwe chako. Union Minière ilianzishwa 1906, wakati Kongo yote ilikuwa bado mali ya Leopold mwenyewe, maana ilitoka mu mikono yake mu 1908 tu. Shaba ilikuwa inayeyushwa Katanga mbele ya muzungu yeyote kufika. Wazee wetu walikuwa wanafanya ile misalaba ya shaba na wanafanya nayo biashara mbali. Waliochimba kwa ajili ya kampuni walikuwa watu walioletwa kutoka kila upande, na wengi hawakuulizwa kama wanataka kuja. Basi anayesema «nimetoa bure» njo yule asiyechimba. Neno moja kwenye jiwe, na historia yote ya uchumi wa Katanga iko ndani. Muongozaji mwenye ujuzi kama yule angeweza kusimama pale dakika tano tu, asome ule mustari kwa sauti, anyamaze. Hakuna mutu angeondoka akiwa vile alivyokuja.

Hii njo shutuma yangu kubwa: siyo kwamba hajui. Anajua kukumbuka. Alitufundisha mwenyewe kwamba muji unaweza kushika jina la mwenye kuuchoma kwa zaidi ya miaka mia tatu. Lakini kumbukumbu ile inatembea upande mumoja. Mizinga ya Mufaransa ina tarehe, ina mwezi, ina meta za mnara; Kongo iko na «mabishano». Hata tao la Cinquantenaire alilitaja kama uzuri tu. Lilikamilika mu 1905, na makuta yake yalitoka Kongo kwa njia za kufichwa, na hata Mubelgiji mwenzao, musosialisti Emile Vandervelde, alilisema kuwa tao la mikono iliyokatwa. Hiyo haiko siri ya wanaharakati wa leo. Ilisemwa wakati ule ule, na Kifaransa safi.

Na mulitambue tulipopita. Mu Sablon tulisimama mbele ya duka za chokoleti. Dakika chache kutoka pale kuna Palais d'Egmont, nyumba ambamo tarehe 20 Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha kwa jamaa ya Lumumba jino lake, kitu peke yake kilichobakia cha mwili wa waziri wetu wa kwanza, kiliwekwa na polisi Mubelgiji nyuma ya kuyeyusha maiti. Na kutoka Place du Trône mpaka Porte de Namur ni mwendo mufupi wa miguu: pale kuna Square Patrice Lumumba, iliyozinduliwa 30 Juni 2018, na nyuma yake Matonge yote, na saluni zake, na samaki, na wamama wanaouza sombe. Mwavuli wa machungwa ulirudi chini.

Mwisho wa matembezi alitueleza vile inavyokuwa kila mara: ni bure, lakini kila mutu anatoa anachoona kinafaa. Wengi walitoa noti ya 10. Nilimufikia wa mwisho, nikamupa 5 (musinicheke, munajua bourse), nikamuuliza kwa heshima kwa nini alikata mufupi pale kwenye Trône. Hakukasirika. Akaniambia: «Bwana, mimi sina mushahara. Watu wakihuzunika, wanaondoka mbele ya mwisho.»

Jibu lile lilinifundisha kuliko matembezi yenyewe. Mpaka pale nilikuwa nafikiri ni chuki, ao ujinga. Kumbe ni bei. Hadithi ambayo musikilizaji anailipa kufuatana na furaha yake, itamupa furaha. 1695 inaliza vizuri, maana hakuna mutu mu kikundi anayejisikia na kosa; Mufaransa wa leo mwenyewe anacheka. Leopold analiza vibaya. Basi «bure» ya matembezi na «bure» ya kwenye jiwe zinafanana: zote mbili, kuna mutu mwingine aliyelipa.

Jumamosi iliyofuata nikaenda matembezi ingine, ya watu wetu wa Matonge, wanayoyaita ya kuondoa ukoloni. Wanafunzi wengi, Wabelgiji vijana wengi. Kule Leopold alipewa nusu saa kamili, na jiwe likasomwa. Walieleza pia kwamba Ixelles ilikataa kwanza kumupa Lumumba mahali, na kwamba Bruxelles-Ville njo ilikubali, kwa hiyo square iko pale kwenye mupaka, kadogo, mutu anaweza kuipita akifikiri ni kituo cha bisi. Walitutajia majina ya wale saba waliokufa Tervuren mu 1897, kati ya Wakongo 267 walioletwa ili waonyeshwe kwenye maonyesho: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Makaburi yako kando ya kanisa, na trame 44 inafika mpaka Tervuren. Nilikwenda. Mutu akienda museum bila kupita kwenye yale makaburi, amefanya nusu ya safari.

Lakini niseme ukweli wote, sina deni kwa mutu. Hata kule nilibakia na njaa. Mukongo wa matembezi yale anakatwa, anapigwa, anaonyeshwa, anakufa. Hafanyi kazi, hapangi kitu, hakatai kitu. Nilipouliza ni nani aliyeyeyusha shaba ya sanamu, kwa tanuru gani, akikaa mu kambi gani, kijana aliyetuongoza, muzaliwa wa Bruxelles, mutoto wa Kinshasa, aliniangalia vizuri akasema: «Yaya, hiyo ninyi njo mungetuambia.»

Ni sisi kweli? Mugeni akifika Lubumbashi leo, tunamupeleka wapi? Golf, zoo, bukari na samaki kando ya maji, foto mbele ya kanisa kubwa. Tuko na ba licencié wa historia wenye kuuza unités za telefone. Shilatembo, mahali walipouawa Lumumba, Mpolo na Okito tarehe 17 Januari 1961, iko kwenye barabara ya Likasi, kila siku tunapita pale mu bisi tukiwa na ecouteurs mu masikio. Mimi nilifika pale mara ya kwanza nikiwa na diplome tayari mu mukono. Simulaumu kijana wa mwavuli peke yake.

Kuna kitu kimoja cha mwisho. Mu 2022, kikundi cha wataalamu kilichoombwa na mukoa wa Bruxelles kuangalia alama za ukoloni njiani kilitoa ripoti yake, na kati ya mawazo yake kulikuwa hili: sanamu ya Trône inaweza kuondolewa, hata kuyeyushwa, na shaba yake ifanye ukumbusho wa wale walioteswa. Farasi bado amesimama. Nilimuandikia rafiki yangu mumoja wa Likasi, aliyesoma métallurgie, nikamutumia foto ya jiwe, nikamuuliza anafikiri nini. Alichelewa kujibu, courant ilikuwa imekatika. Usiku akaandika: «Mbele ya kuyeyusha, wapime kilo. Tutaandika facture.»