Mpiga Besi Asiyesema: Kumhakiki John Deacon kama Mhusika

Makala hii inamhusu kijana wa Kiingereza aliyepiga gitaa la besi katika kundi la Queen. Najua wapo watakaouliza: jarida la uhakiki wa fasihi na magitaa wapi na wapi? Nijibu mapema. Wasifu ni fasihi. Mtu akishasimuliwa vitabuni, magazetini na kwenye sinema, tayari ni mhusika, na mhusika huhakikiwa kama mhusika mwingine yeyote. Nami nadai kwamba John Deacon ni mhusika aliyechorwa vibaya, na kwamba kasoro hiyo ndiyo tunayoirudia sisi wenyewe kila tunapompima mtu kwa wingi wa maneno yake.

Kundi lenyewe halihitaji utambulisho mrefu huku kwetu. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964. Kwa hiyo tukitaja Queen tunamtaja mtoto wa Zanzibar, halafu tunaishia hapo. Kujivuna si vibaya. Lakini jamani, walikuwa wanne: Freddie, Brian May wa gitaa la solo, Roger Taylor wa drams, na huyu wa nne ambaye katika picha nyingi yuko pembeni kama mtu aliyekuwa anapita zake, mpigapicha akamwambia hebu ingia na wewe.

Filamu ya Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018 imempa kila mmoja sifa yake. Freddie ana mateso, Brian ana busara, Roger ana hasira. Deacon ana nini? Ana ukimya, na vichekesho viwili vitatu. Kwa istilahi tunazozijua sote, huyo ni mhusika bapa: yu vile vile mwanzo na mwisho. Tena filamu inamweka jukwaani tangu Freddie anapoanza na wenzake mwaka 1970, ilhali kundi lilimpata mwaka 1971, baada ya wapiga besi watatu kuja na kuondoka. Hata kule kuchelewa kwake, ambako kungetueleza mengi juu yake, kumefutwa.

Tuyatazame basi yale yanayojulikana. Alizaliwa Leicester mwaka 1951. Katika bendi yake ya utotoni alianza na gitaa la rithim, akahamia besi pale nafasi ilipobaki wazi. Mwaka 1969 alikwenda London kusomea elektroniki Chelsea College, na mwaka 1971 akamaliza kwa daraja la kwanza. Alipojiunga na Queen alikuwa na miaka 19, mdogo kuliko wote. Albamu yao ya kwanza ikatoka mwaka 1973, na humo jina lake limeandikwa kinyume: Deacon John. Ya pili, mwaka 1974, ikarudisha jina mahali pake.

Msomaji wa haraka ataliruka jambo hili. Mimi nimelisimamia. Kijana anaingia katika nyumba ya watu waliomtangulia, na jina lake linageuzwa kama shati. Kwenye albamu ya kwanza anatii. Kwenye ya pili jina limekaa sawa, na halikugeuzwa tena. Je, mhusika bapa anaweza kuwa na hatua mbili kama hizo? Hapa pana mtu anayesubiri, na mtu anayesubiri si lazima awe mtu aliyekubali.

Turudi kwenye chombo chenyewe, maana nacho kina neno. Katika ngoma zetu kuna chapuo na kuna vumi. Chapuo inachangamsha, ndiyo inayosikika kwanza. Vumi inakaa chini na kunguruma, na mchezaji akiulizwa anafuata nini atasema anafuata chapuo, kumbe mguu wake unaishika vumi. Besi ni vumi ya magitaa. Na katika Queen, ambamo Freddie, Brian na Roger wote waliimba kwenye rekodi na kupangana sauti juu ya sauti, Deacon ndiye asiyejulikana kwa kuimba. Kundi lililosifiwa dunia nzima kwa sauti za watu lilikalia kiti cha mtu mmoja asiye na sauti.

Au tuseme, sauti yake ilipita katika makoo ya wengine. Nitatoa mifano mitatu.

Wa kwanza ni wa fundi redio. Deacon aliokota bodi ya saketi katika takataka za ujenzi, akaifunga ndani ya kasha dogo la spika, akaiendesha kwa betri ya volti 9. Brian May akakipenda kikuza sauti hicho, na ndicho alichokitumia katika wimbo Good Company wa mwaka 1975 kulifanya gitaa moja lilie kama bendi nzima ya tarumbeta. Anayesifiwa ni mpiga solo, na anastahili. Lakini ule mlio ulipitia mikononi mwa mtu aliyeona kitu pale ambapo wapita njia waliona taka.

Wa pili ni wa ndoa. Katika albamu mbili za kwanza hakuna utunzi wa Deacon hata mmoja. Katika ya tatu, mwaka 1974, ana wimbo mmoja mfupi. Mwaka 1975 akaoa, na mwaka huo huo ukatoka You're My Best Friend, aliomtungia mkewe. Aliutaka upigwe kwa piano ya umeme. Freddie, mpiga piano wa kundi, hakukipenda chombo hicho. Sasa, kijana mpole angefanyaje? Angekubali piano ya kawaida, yaishe. Yeye alikichukua chombo nyumbani, akajifunza kukipiga, akarudi akakirekodi mwenyewe. Hakugombana na mtu, na hakurudi nyuma. Mimi naona ukaidi hapa, tena ule mgumu zaidi, ukaidi usiopiga kelele.

Wa tatu ni wa mwaka 1980. Akivutiwa na muziki wa kundi la Chic la Marekani, Deacon alitunga Another One Bites the Dust, na karibu vyombo vyote isipokuwa drams akavipiga yeye. Noti chache za besi, halafu kimya, halafu zile zile tena. Nawaomba mkisikilize kile kimya kilicho katikati, maana ndicho kinachomfanya msikilizaji amalizie mwenyewe kwa mguu. Wimbo ulishika nafasi ya kwanza Marekani mwaka ule ule. Filamu inautumia vizuri, nikiri: wenzake wanazozana, yeye anaanza kupiga, ugomvi unakufa. Ndipo mahali pekee ambapo msimulizi wa filamu amemwelewa. Ila baada ya hapo anamrudisha pembeni kama kiti kilichokwisha kutumika.

Hapa lipo pingamizi, na nimelisikia kwa wenzangu: filamu ni ya Freddie, hivyo wengine lazima wawe wadogo. Sawa, lakini udogo si ubapa. Katika riwaya nzuri mtumishi anayeingia mara moja na kutoka anaweza kuwa mtu kamili. Tena kuna suala la nani ni mtunzi. Chukua I Want to Break Free ya mwaka 1984. Wasikilizaji wengi huusoma wimbo huo kama ungamo la Freddie juu ya maisha ya Freddie. Koo ni la Freddie, ndiyo, lakini maneno ni ya Deacon. Tunachanganya msemaji na mtunzi, jambo ambalo katika ushairi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukatwa alama kwa kulifanya. Watu wa taarabu wanalijua vizuri: anayeutoa wimbo jukwaani anatuzwa, aliyeuandika yuko nyuma, na fedha za kutuzwa hazimfikii. Kwa Queen zilimfikia, kwani jina la mtunzi lilikuwa na fedha zake. Jambo hilo liliwagombanisha hata wao, na mwaka 1989, katika albamu ya The Miracle, wakaamua kuandika nyimbo zote kwa jina la kundi.

Mpaka hapa nimemtetea. Sasa nifike palipo pagumu. Mwezi Oktoba 1984, miezi michache tu baada ya wimbo huo wa kutaka uhuru, Queen walikwenda kupiga Sun City, katika Bantustani ya Bophuthatswana, ndani ya Afrika Kusini ya makaburu. Wasanii wengi duniani walikuwa wamesusia. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawatoza faini, na Umoja wa Mataifa ukawaweka katika orodha ya waliovunja mgomo. Kundi lilijitetea kwamba wao si wanasiasa. Sisi tuliozaliwa katika nchi iliyokuwa mstari wa mbele kupinga ubaguzi tunajua jibu hilo lina uzito gani. Halina.

Freddie amelaumiwa kwa hilo, Brian amehojiwa kwa hilo. Deacon je? Anapita. Hakuna anayemtafuta. Na hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami. Ule usawiri unaomnyima sifa ndio huo huo unaomfutia lawama. Mhusika kivuli hana dhambi, maana kivuli hakitendi. Wanaompenda husema alikuwa mpole, hakupenda makuu, wamwache. Mimi nasema hapana. Aliutunga wimbo wa kujinasua, akashika besi mbele ya watu waliomweka Mwafrika kifungoni katika nchi yake. Ukimpa utunzi, mpe na lawama. Kumlaumu ni namna ya kumheshimu, kwa sababu tunamlaumu mtu, hatuulaumu ukuta.

Kuna methali isemayo kimya kingi kina mshindo mkuu. Huitumia kana kwamba mshindo huo lazima uwe wa heri. Methali haikusema hivyo. Kimya cha Deacon kilizaa piano aliyojifunza nyumbani, na pia kilikuwepo Sun City. Vyote ni vyake.

Freddie alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Deacon alipiga katika onyesho la kumkumbuka Wembley mwaka 1992, akapiga mara ya mwisho na wenzake Paris mwezi Januari 1997, akashiriki wimbo mmoja studio mwaka huo, akaacha. Brian na Roger waliendelea na waimbaji wengine. Mwaka 2001 kundi lilipotunukiwa heshima kubwa ya muziki wa roki huko Marekani, hakwenda. Waandishi hulieleza jambo hili kama tabia ile ile ya haya. Mimi naliona kama tendo lenye maana yake. Mtu aliyejitafutia njia kwa kupitisha maneno yake katika koo la mwingine amepoteza koo lile. Wenzake waliweza kutafuta lingine, yeye hakutafuta. Huo ni uamuzi, na kati ya yote aliyoyafanya ndio unaosomeka kwa wepesi kuliko yote.

Wahakiki wenzangu, wasifu tuliokulia nao wengi wetu ni ule alioandika Shaaban Robert juu ya Siti binti Saad, na mhusika wake ni mwimbaji. Ni haki yake. Lakini bendi zetu za dansi zimejaa wapiga besi ambao nyimbo zao tunaziimba harusini, na ukiuliza majina watu wanatazamana. Hatuwezi kuilaumu filamu ya watu wa nje kwa kumfanya Deacon kivuli ilhali hapa nyumbani vivuli ni vingi, na baadhi yao wangali hai na wana ya kusema, au wana sababu za kutosema. Nani ataanza kuwaandika, na kwa kipimo gani? Mimi nimependekeza kimoja: kazi kwanza, maneno baadaye, sifa na lawama pamoja. Mwenye kipimo bora alete.