Kumpima Mtabiri wa Mvua

Miongoni mwa kazi za kitaalamu zinazofanywa Nairobi bila sifa yoyote, ipo ya kuupima utabiri baada ya mvua yenyewe kunyesha au kukataa kunyesha, kazi ambayo misingi yake hufundishwa katika bewa la Chiromo la Chuo Kikuu cha Nairobi, pale Westlands, na ambayo huugusa moja kwa moja utabiri unaotolewa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kutoka Dagoretti Corner.

Mtabiri akisema kwamba uwezekano wa mvua kesho ni asilimia 70, mkazi wa Parklands aliyebeba mwavuli akarudi mkavu hujiona amedanganywa, ilhali kauli hiyo haithibitishwi wala haikanushwi na siku moja. Kinachohukumiwa ni siku zote zilizowahi kutajiwa asilimia 70: ikiwa mvua ilinyesha takriban saba katika kila kumi, utabiri huo ni wa kutegemeka, na zile tatu kavu zilikuwa sehemu ya kauli tangu mwanzo. Hata hivyo kutegemeka peke yake hakutoshi, kwa kuwa anayerudia kila siku ya Julai wastani wa miaka iliyopita atakuwa mkweli bila kumfaa mtu. Hodari ni yule anayethubutu kuuacha wastani, akasogea karibu na sifuri au mia pale dalili zinapomruhusu, na bado takwimu zikamwunga mkono.

Mwaka 1950 Glenn Brier wa Marekani alipendekeza kipimo kinachobeba sifa hizo mbili pamoja: tofauti kati ya uwezekano uliotajwa na tukio lenyewe, ambalo ni 1 mvua ikinyesha na 0 isiponyesha, huzidishwa kwa yenyewe, kisha hutafutwa wastani wa siku zote, na alama ndogo ndiyo bora. Aliyetaja 0.7 hupata 0.09 mvua ikinyesha, na 0.49 isiponyesha. Uzuri wa hesabu hii, na kwa hakika ni uzuri, ni kwamba mtabiri hawezi kutarajia alama bora kwa kutaja kiwango asichokiamini, hivyo anayetia chumvi kwa kuogopa lawama za mafuriko hujiharibia mwenyewe.

Ugumu uko kwingine. Mvua ya radi ya Aprili yaweza kuufurikisha mtaa wa Kangemi huku kipimamvua cha Dagoretti Corner kikipata matone machache, kwa hiyo mpimaji huamua mapema ni wapi, na ni milimita ngapi, ndipo iitwe mvua. Utabiri wa msimu ni mzito zaidi. Tangu 1998 wataalamu wa Pembe ya Afrika hukutana kuutoa kwa makundi matatu, yaani chini ya kawaida, karibu na kawaida na juu ya kawaida, ambapo kila kundi lingepata asilimia 33 kama hakuna dalili yoyote. Lakini mwaka mmoja huleta vuli moja tu, na hukumu ya haki hudai miongo. Ndiyo maana wapimaji huirudisha kompyuta ya utabiri nyuma, wakaipa, kwa mfano, vipimo vya hadi Septemba 1997 peke yake, kisha wakaiuliza ingetaja asilimia ngapi kwa vuli ya mwaka huo, ile ya El Niño iliyobomoa barabara na madaraja ya Kenya.