Jicho la Mkaguzi

Riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale niliisoma kwanza stesheni ya Munisagara, nimekalia gunia la mahindi, nikingoja treni ya kwenda Kilosa. Usagara kwetu kuna vichaka visivyoguswa na shoka, maana humo hufanyiwa matambiko. Basi humo kitabuni maiti ya Bwana Ali ilipokutwa mzimuni, mahali pa matambiko kama hayo, mimi muuaji nilishamjua: wa kale wamekasirika. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, hakukubali. Alivuta kiko chake, akatazama, akauliza, akatazama tena.

Aliyemtunga, Muhammed Said Abdulla, alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alimaliza shule mwaka 1938, akawa mkaguzi wa afya kwa miaka 10. Mwaka 1948 akashika uhariri wa gazeti la Zanzibari. Akafanya kazi pia Al-Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu, kisha tangu mwaka 1958 jarida la Mkulima, hadi alipostaafu mwaka 1968. Hadithi yake hiyo ilishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957/58, ikatoka kitabu mwaka 1960.

Ukaguzi na uhariri ni kazi za jicho. Mkaguzi haridhiki na kuambiwa kwamba pipa limefunikwa, huinama akachungulia. Mhariri naye hulihoji kila neno limekuja kufanya nini, na lisilo na jibu hulifuta. Miaka 20 ya kuchungulia na kufuta ndiyo iliyomzaa Bwana Msa. Kiko na rafiki wa kufuatana naye, Najum, vinamkumbusha msomaji Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Lakini Bwana Msa akifungua kinywa, unalisikia baraza la Unguja. Hana bastola wala mabavu. Najum huona anachokiona Bwana Msa, nasi tunaona pamoja nao. Anayewazidi wenzake ni yule anayetazama mara ya pili.

Kitabu kile hakikunifundisha kuwadharau wazee wangu. Kilinifundisha nisiwasingizie marehemu damu iliyomwagwa na walio hai, na hiyo nayo ni heshima kwao. Mpaka leo nikipita karibu na vichaka vile vya kwetu hupunguza sauti. Lakini nikisikia mtu amekutwa amekufa, huuliza jana yake alikuwa na nani.